Giaboksi ya Carina ndani ya Corolla ya dada

Leo naiweka PHP kando, msomaji wangu, tuzungumze vyuma. Usiogope, kompyuta itarudi kabla hatujamaliza, maana mimi siwezi kutatua jambo lolote bila kuandika mistari michache ya programu :-)

Ukienda Kirinyaga Road hapa Nairobi (wengi bado tunapaita Grogan, jina la zamani la barabara ile) ukauliza giaboksi ya gari lako na isipatikane, utaletewa ya gari jingine na kuambiwa maneno mawili: "Inaingia hiyo." Mara nyingi ni kweli. Lakini ukisikiliza vizuri, muuzaji amejibu swali moja tu na wewe ulikuwa na matatu. La kwanza, mdomo wa kasha utakutana na injini tundu kwa tundu? La pili, shafti zitashikana meno kwa meno? La tatu, ambalo karibu hakuna anayeliuliza, namba zilizomo ndani ya kasha zinafaa kazi ambayo gari lako linafanya? Hilo la tatu ndilo lililotusumbua Aprili 2019, tulipokuwa tukitafuta namna ya kuirudisha barabarani Corolla ya dada yangu.

Gari lenyewe ni Corolla wagon, AE100, ile ambayo Wakenya tunaiita "100" tu, injini ya 5A-FE ya sisi 1,498, gia za mkono. Dada hulitumia kuchukua nyanya Naivasha na kuzileta soko la Wakulima, yaani Marikiti, mara tatu kwa juma. Viti vya nyuma vinalazwa, kreti sita zinapangwa, uzito kama kilo 400 hivi. Kurudi Nairobi yeye hupita njia ya chini, ya Mai Mahiu, halafu anaupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa hadi Limuru pamoja na malori. Anayeijua barabara ile (ndiyo iliyojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940, wakaacha na kakanisa kadogo pale chini) anajua kwamba haina haraka. Lori likipanda kwa kilomita 10 kwa saa, nawe unapanda kwa kilomita 10 kwa saa. Kulipita kwenye kona zile ni kulitafuta kaburi.

Giaboksi yake ilianza kwa kulia, kisha gia ya tatu ikawa inaruka yenyewe. Fundi wetu, mzee mmoja wa jua kali kule Kikuyu, akaishusha na kuifungua. Beringi ya shafti inayotoka kwenye injini ilikuwa imevunjika, vipande vyake vimepita katikati ya meno ya gia, na kiti cha ile beringi ndani ya kasha kimelika kiasi kwamba hata beringi mpya ingecheza. Sili ya upande mmoja ilikuwa ikivuja tangu kabla dada hajalinunua gari hilo, oili ikawa inapungua kidogo kidogo. "Hapa hakuna cha kutengeneza," fundi akasema. "Tafuteni nyingine."

Siku hizo dada alikuwa akikodi pikapu, shilingi 6,000 kila safari, na faida yote ya nyanya ikawa inaishia kwa mwenye pikapu. Chama chake kilimkopesha 40,000. Hizo zilikuwa za giaboksi, klachi, sili, oili na malipo ya fundi. Kwa maneno mengine tungenunua mara moja tu. Kama tungefunga kitu kisichofaa, hapangekuwa na pesa za kukitoa na kufunga kingine.

Giaboksi ya 100 ya gia za mkono hatukuipata. Magari mengi ya umri ule yaliyoletwa kutoka Japani ni otomatiki, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, zile 100 haziji tena. Zilizobaki zinakufa humuhumu nchini, na vipuri vyake vinagombaniwa na wenye magari yaliyo hai. Fundi akapendekeza ya Carina. Ndipo wengi hushtuka: Carina ni gari kubwa zaidi, umbo jingine, jina jingine. Yataingilianaje?

Yanaingiliana kwa sababu kampuni ya magari haichori giaboksi upya kwa kila gari. Toyota walikuwa na ukoo mzima wa giaboksi uliopewa herufi C, kwa ajili ya magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, na ukoo wa injini uliopewa herufi A: 4A, 5A, 7A na ndugu zao. Carina AT212 ina injini ileile ya 5A-FE iliyo kwenye Corolla ya dada. Injini ileile, basi mdomo wa giaboksi unaoshikana nayo lazima uwe uleule. Sisi waandishi wa programu tuna neno la jambo hili, kiolesura: mahali ambapo vitu viwili vinakutana na kukubaliana, kila kimoja bila kujua yaliyo tumboni mwa mwenzake. Bolti zinazozunguka mdomo wa giaboksi ni kiolesura. Meno ya shafti inayoingia kwenye klachi ni kiolesura. Matundu mawili ya pembeni yanayopokea shafti za magurudumu, vilevile.

Hatari ya kiolesura ni hiyohiyo sifa yake: hakikuambii yaliyo tumboni. Unaweza kuwa na maktaba mbili za programu zenye majina yaleyale ya kazi na vigezo vilevile. Programu yako inaunganishwa na yoyote kati yake bila kosa hata moja, kisha moja inakuja kukwama saa nane za usiku wateja wakiwa kazini.

Gari zima hukuambia yaliyo ndani. Kwenye Toyota kuna kibati chini ya boneti chenye namba ya modeli, rangi, na mstari ulioandikwa TRANS/AXLE wenye kodi ya giaboksi na ya ekseli. Lakini giaboksi ikishang'olewa na kutupwa sakafuni Grogan, kibati kimebaki kwenye gari, na gari limeshageuzwa vyuma chakavu. Kinachobaki ni neno la muuzaji.

Kwa hiyo tulipokwenda mara ya kwanza tulibeba vitu viwili kwenye mfuko wa gunia: klachi pleti ya zamani na shafti moja ya gurudumu. Hilo lilikuwa wazo la fundi, na ni wazo zuri kuliko kitabu chochote. Klachi pleti unaivisha kwenye shafti ya giaboksi unayotaka kununua. Ikiteleza hadi mwisho bila kukwama na bila kucheza, meno yamelingana. Shafti ya gurudumu unaisukuma kwenye tundu la pembeni hadi usikie ule mlio wa klipu ikikamata. Zote mbili zilikubali. Muuzaji akanyosha mikono kama wakili aliyeshinda kesi. "Si nilikuambia, mkubwa? Inaingia." Alitaka 22,000.

Mimi nilikuwa na kitu cha tatu mfukoni, nacho ni chaki.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaa na ile giaboksi mbovu iliyofunguliwa, nikahesabu meno ya kila gia huku nikiweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza nisije nikapotea. Gia ya kwanza: meno 39 kwa 11. Ya pili 40 kwa 21, ya tatu 38 kwa 29, ya nne 31 kwa 32, ya tano 31 kwa 38. Halafu krauni na pinioni, yaani ile gia kubwa ya mwisho inayozungusha magurudumu na ile ndogo inayoisukuma: 69 kwa 17. Ukizidisha 39/11 kwa 69/17 unapata 14.39. Maana yake, kwenye gia ya kwanza injini huzunguka mara 14.39 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwenye gia ya tano ni 3.31.

Hiyo ya Carina haikuwa imefunguliwa, na hakuna muuzaji atakayekuruhusu uifungue. Lakini namba zake zinapatikana bila kufungua, na mbinu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ingiza gia ya kwanza kwa kusukuma kile kijiti cha kubadilishia. Zuia upande mmoja wa kutokea usizunguke kabisa. Sisi tuliichomeka shafti ya gurudumu na kijana mmoja akaishikilia kwa nguvu. Upande wa pili piga alama ya chaki. Sasa zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono, ukihesabu, mpaka ile alama imalize mizunguko kumi.

Hapo kuna mtego mmoja. Ndani ya giaboksi hizi kuna difu. Pande zote mbili zikiwa huru na sawa, kila gurudumu huzunguka sawa na krauni. Ukizuia upande mmoja, wa pili huchukua fungu lake na la ndugu yake: huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Kwa hiyo mizunguko kumi uliyoiona kwa macho ni mitano ya krauni. Asiyelijua hili atapata nusu ya namba ya kweli na kudhani amepata giaboksi ya gari la mashindano.

Tulihesabu mizunguko 59, pungufu kidogo. Gawa kwa tano, unapata 11.79 au karibu na hapo. Ya zamani, kumbuka, ni 14.39. Tukaweka gia ya tano: mizunguko 15 na kitu kidogo kwa kumi, yaani 3.04 dhidi ya 3.31.

Kama tofauti ingekuwa kwenye krauni na pinioni peke yake, gia zote zingeshuka kwa kiasi kimoja. Lakini ya tano ilishuka asilimia 8 na ya kwanza ikashuka 18. Basi kuna mambo mawili humo: krauni imeegemea mbio kuliko nguvu, na zaidi ya hapo gia ya kwanza yenyewe si ile ya 39 kwa 11. Ukichukulia kwamba gia ya tano ni ileile, hesabu inatoa krauni ya 3.72 (67 kwa 18 ni 3.72) na gia ya kwanza ya 3.17 (38 kwa 12 ni 3.17). Meno ni namba kamili, na hilo linasaidia sana, kwa sababu kipimo cha mkono kikikosea kidogo, unatafuta tu namba kamili zilizo jirani.

Ndiyo hapo kompyuta iliporudi. Nilikuwa nimepima gurudumu la nyuma gari likiwa na mzigo: mzunguko mmoja, gari linakwenda mita 1.76. Nikaandika mistari minane ya Python kwenye simu, muuzaji akinitazama kama mtu anayecheza gemu. Matokeo, mizunguko ya injini kwa dakika:

Gia ya kwanza, kilomita 10 kwa saa: ya zamani 1,360, ya Carina 1,120.
Gia ya kwanza, kilomita 7 kwa saa: ya zamani 950, ya Carina 780.
Gia ya tano, kilomita 80 kwa saa: ya zamani 2,500, ya Carina 2,300.

Angalia mstari wa kati. Injini ile ikiwa imesimama bila kazi huzunguka kama mara 750 hadi 800. Kwa hiyo dada akiwa nyuma ya lori linalotambaa kwa kilomita 7, amebeba kilo 400 na mlima uko mbele yake, injini yake ingekuwa inazunguka kama gari lililoegeshwa. Ingekohoa na kutaka kuzima. Dereva hufanya nini? Anakanyaga klachi nusu, injini ipate pumzi. Na klachi iliyokanyagwa nusu inasuguana, inapata joto, inanuka, inaisha. Kilomita kadhaa za namna hiyo, mara tatu kwa juma, na tungekuwa tumenunua giaboksi ya bei nafuu inayokula klachi.

Fundi hakukubaliana nami, na sitaki msomaji adhani alikuwa mtu asiyejua kazi. "Injinia," aliniambia (ananiita hivyo kwa kunitania, maana injinia wake hajui hata kushika spana namba 17 vizuri), "hizi za Carina nimezifunga kwenye 100 zaidi ya kumi. Hakuna aliyerudi." Ninaamini hakuna aliyerudi. Magari yale yalikuwa ya watu wa kwenda kazini na kurudi. Kwa gari la namna hiyo giaboksi ile ni bora kuliko ya asili: kwenye Thika Road injini inanguruma kidogo, mafuta yanapungua kidogo, na gia ya kwanza unaitumia sekunde tatu tu. Kama gari lingekuwa langu ningelipa zile 22,000 na kwenda zangu. Sikuwa nikibishana naye kuhusu kufunga. Nilibishana kuhusu Mai Mahiu.

Aliyeamua ni mwenye gari. Nilimpigia simu nikamsomea zile namba, akanikatiza. "Mimi mambo ya meno sijui. Ninachojua, pale juu lori la mbele likisimama na mimi nasimama, na nyuma yangu kuna lingine. Nikiondoka gari lisirudi nyuma. Hiyo mliyoshika itaondoka?" Nikamwambia itaondoka, lakini kwa kuichoma klachi. "Basi wekeni chini."

Ilituchukua siku mbili zaidi, na pikapu ya kukodi tena. Nilimsikia fundi akiguna mara kadhaa, na kusema kweli hata mimi nilianza kujiuliza kama sikuwa ninamgharimu dada yangu kwa ajili ya kupenda hesabu. Duka la nne ndilo lililokuwa nayo. Chafu, kasha limekwaruzwa, haina hata kijiti cha kubadilishia. Tulipouliza imetoka gari gani, jibu likawa lilelile: Carina. Yaani magari mawili yenye jina moja, na matumbo mawili tofauti! Klachi pleti ikavaa, shafti ikakamata, chaki ikapigwa. Gia ya kwanza, mizunguko 70 kwa kumi. Gia ya tano, 16 na kidogo. Kwa hesabu ileile unapata gia ya kwanza ya 39 kwa 11 kama yetu, na krauni ya 67 kwa 17. Tofauti na ya zamani ni asilimia 3 tu. Kwa kilomita 7 kwa saa, injini ingezunguka mara 926. Bei 27,000, tukashuka hadi 25,500 kwa sababu ya kile kijiti kisichokuwepo.

Kabla ya kulipa fundi alifanya ukaguzi wake, ambao namba zangu hazingeweza kuufanya. Aliishika shafti ya kuingilia akaitikisa juu na chini kutafuta beringi inayocheza. Aliizungusha polepole akiwa ameinamisha sikio. Aliingiza gia zote tano na rivasi, moja baada ya nyingine. Mwisho akafungua bolti ya kumwagia oili, akachovya kidole kwenye matone yaliyobaki na kukisugua na kidole gumba. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyochoma ngozi ni giaboksi iliyokufa. Akanitolea kidole nikione, kikiwa na kijivu tu.

Kazi ya kufunga ilichukua Jumamosi nzima, na hapa ndipo neno "inaingia" linapoanza kudai malipo yake madogo madogo. Kasha la Carina lina matundu ya bolti za maunti mahali palepale, lakini maunti zenyewe hutofautiana kwa sababu bodi ya gari ni nyingine, kwa hiyo zilihamishwa zile za Corolla. Kijiti cha kubadilishia na bano la waya zake, za Corolla. Swichi ya taa za kurudi nyuma, ya Corolla, maana plagi ya nyaya ilikuwa ya umbo jingine. Kanuni ya fundi ilikuwa rahisi: kila kinachogusa bodi au nyaya za gari kitoke kwenye gari, kila kinachogusa gia kibaki na gia. Nimejaribu kueleza jambo hilohilo kwa vijana wa kazini kwangu kuhusu programu, kwa maneno mengi zaidi na mafanikio madogo zaidi.

Sili tatu zilibadilishwa kabla giaboksi haijapanda, mbili za pembeni na moja ya shafti ya kuingilia. Ni vipande vya mpira vya bei ndogo, na kuvibadilisha giaboksi ikiwa mezani ni kazi ya dakika kumi. Ikishafungwa, ile ya mbele inadai ushushe kila kitu upya. Klachi pleti, presha pleti na beringi ya klachi, vyote vipya. Kuweka klachi pleti katikati kabisa, fundi alitumia shafti ya kuingilia ya ile giaboksi iliyokufa kama kipimo. Nilipenda sana hilo. Kifaa kama hicho kinauzwa madukani, lakini hiki kilikuwa cha bure na kilitengenezwa kiwandani kwa vipimo vyenyewe.

Jambo moja alilinikazia nimwambie yeyote atakayejaribu. Kwenye uso wa injini kuna doweli mbili, vipini vifupi vinavyohakikisha giaboksi imekaa katikati. Bolti hazifanyi kazi hiyo, bolti hukaza tu. Doweli zikipotea giaboksi itaingia, gari litatembea, na shafti itakuwa inazunguka kwa mshazari hadi ile beringi ya mbele ife upya. Na giaboksi ikipandishwa, isiachwe hata dakika moja ining'inie kwenye klachi pleti, wala isivutwe kwa kukaza bolti. Ikiwa haiji kwa mkono, kuna kitu hakijalingana. Watu watatu tulikuwa chini ya gari lililowekwa kwenye stendi nne (jeki peke yake, hapana, hata kama una haraka ya namna gani), na ilikuja kwa mkono.

Spidomita. Kila mtu niliyemsimulia ameniuliza: ukibadilisha uwiano wa krauni, si spidomita itadanganya? Kwenye giaboksi hizi haidanganyi, na sababu yake ni nzuri. Gia ndogo ya spidomita inazungushwa na kasha la difu, yaani inahesabu baada ya krauni. Inachokijua ni mizunguko ya magurudumu tu. Yanayotokea kati ya injini na krauni hayaihusu. Tuliihamisha ile gia ndogo ya plastiki kutoka giaboksi ya zamani ili idadi ya meno yake ibaki ileile, basi. Ukubwa wa tairi ndio unaoweza kuidanganya.

Oili tuliyoweka ni 75W-90 ya daraja la GL-4, kupitia tundu la juu hadi ikaanza kuchuruzika yenyewe kwenye ukingo wa tundu. Hakuna kijiti cha kupimia humo, kiwango ni ukingo. (Na siku zote legeza bolti ya tundu la kujazia kabla ya kufungua ile ya kumwagia. Fikiria umemwaga oili yote kisha bolti ya juu ikakataa kutoka.)

Nilitaka kuthibitisha hesabu zangu, lakini dashibodi ya wagon ile haina kipimo cha mizunguko ya injini. Basi nikatumia sikio la simu. Injini ya silinda nne hulipua mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo mlio wake mkuu, ukiupima kwa hetsi na kuzidisha kwa 30, unakupa mizunguko kwa dakika. Tukaenda barabara ya Naivasha, dada akiendesha kwa kilomita 80 kwa saa kwa kipimo cha GPS, gia ya tano, vioo vimefungwa, redio imezimwa. Nikarekodi nusu dakika, nikaipitisha kwenye programu ya kuchambua sauti. Mlima mrefu kwenye mchoro ulisimama kwenye hetsi 81. Mara 30 ni 2,430. Python ilikuwa imesema 2,436. Nilipiga kelele ya furaha ndani ya gari na dada akadhani tumegonga kitu.

Mtihani wa kweli ulikuwa Jumanne iliyofuata, nami sikuwepo. Kreti sita, Mai Mahiu saa kumi na moja alfajiri, ukungu, malori. Alinipigia akiwa ameshafika Limuru. Alisimamishwa mara mbili kwenye kona, akaondoka mara mbili, na hakusikia harufu ya klachi. Kisha akaniuliza kwa nini gia ya rivasi sasa inaingia kwa ugumu kidogo gari likiwa baridi, na mpaka leo rivasi ile ni vivyo hivyo asubuhi. Fundi anasema ni tabia yake tu.

Kabla giaboksi haijapanda niliisafisha ubavu wa mbele, upande unaoonekana ukifungua boneti, na kuandika kwa rangi nyeupe ya mafuta: "Gia 1: 70 kwa 10. Gia 5: 16 kwa 10. Upande mmoja umezuiwa. 4/2019." Siku gari hilo litakapogeuzwa vyuma chakavu na giaboksi kurudi sakafuni Grogan, atakayeikuta hatahitaji chaki.